Ndege na wanyama wa uani Tanga, kutoka kipupwe hadi masika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa na majirani, na wazazi wa watoto wanaokuja kutazama ndege uani kwangu Chumbageni, na watu ninaokutana nao pwani nikiwa na darubini shingoni. Yanaanzia kwa anayeanza leo na kuishia kwenye mambo magumu. Jibu likigusa swali jingine, nimesema utazame wapi.

## Mambo ya mwanzo

Tanga hakuna baridi ya maana. Kuna majira gani ya baridi ya kutazama?

Baridi yetu ni kipupwe, Juni hadi Agosti, nayo ni ya kujifunika khanga mbili alfajiri. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 20 hivi, na mchana hupanda hadi karibu 28. Januari na Februari mchana hufika 32. Kwa ndege aliyevaa manyoya, tofauti hiyo si kubwa. Kinachobadili maisha ya uani hapa ni upepo na mvua: kusi inayovuma kuanzia Aprili hadi karibu Septemba, kaskazi ya Desemba hadi Machi, maleleji, yaani upepo usiotulia, katikati yake, masika, mvua nyepesi za mchoo, kisha vuli.

Halafu kuna baridi ya wenzetu. Ulaya na Asia ya kaskazini zikianza kuganda, wadudu hutoweka na tope la mwambao huganda kwa barafu. Ndege wanaoishi kwa wadudu na tope hilo hawana la kufanya ila kuondoka, na wengi hushukia huku. Ndiyo maana nasema baridi ya kaskazini tunaiona Tanga bila kuihisi. Ukimwona mbayuwayu kwenye waya wa umeme mwezi Desemba, umeiona.

Nahitaji vifaa gani?

Daftari na kalamu kwanza. Andika tarehe, saa, upepo unatoka wapi, kama mvua imenyesha, uliona nani na wangapi. Daftari la miaka miwili la uani kwako litakufundisha zaidi ya maelezo yangu yote haya.

Ukipata fedha, nunua darubini iliyoandikwa 8x32 au 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Usivutwe na ukuzaji mkubwa, kwa kuwa mkono ukitikisika kidogo tu picha yote inacheza. Simu pia inafaa, hasa kurekodi sauti.

Saa gani ni nzuri?

Uani, kuanzia jua linapochomoza, ambalo wakati wa kipupwe ni kama saa 12 na nusu, hadi saa 3 asubuhi. Kisha saa 10 jioni hadi magharibi. Katikati ya hapo ndege wengi wamejificha kivulini.

Pwani saa haina maana, fuata maji. Yakipwa sana, ndege wako mbali kwenye tope na utaona vijidoa tu. Nenda maji yanapojaa, ndipo yanapowasukuma karibu nawe. Siku za bamvua ni bora kuliko za maji mafu.

Ndege wote wadogo naona ni sawa. Nianzie wapi?

Anza na unaowajua tayari, maana unawajua wengi kuliko unavyodhani: kunguru, mwewe, tetere, shomoro, mnana anayefuma kiota kwenye mnazi, chozi mwenye mdomo uliopinda anayenyonya maua ya mgomba, shore mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, yangeyange wanaofuata ng'ombe. Hao wakikukaa kichwani, mgeni akija utamtambua kwa kuwa si mmoja wao.

Na utofautishe kunguru wawili. Yule mkubwa mwenye kifua na shingo nyeupe ni mwenyeji. Yule mwembamba mwenye shingo ya kijivu ni kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka, kisha akavuka kuja bara. Huyu anakula mayai na makinda ya ndege wadogo, na uani palipojaa yeye pana kimya kibaya. La kufanya limo kwenye swali la mwisho kabisa.

## Kusi na kipupwe

Mbona Juni na Julai uani kumenyamaza?

Wengi wamemaliza kulea. Dume huimba ili kuita jike na kulinda eneo. Makinda yakiruka, hana tena sababu ya kupoteza nguvu. Pili, kusi ikivuma kwa nguvu ndege wadogo huhamia upande uliokingwa. Kwangu wote huwa nyuma ya jiko, kwenye mkomamanga, na mbele ya nyumba hakuna hata mmoja. Badili mahali unapokaa kabla ya kusema hawapo.

Asubuhi yenye manyunyu tazama tetere kwenye waya: anakuwa mviringo kama chungu. Ametunisha manyoya ili kushika hewa yenye joto karibu na ngozi. Si mgonjwa.

Na kusi ina wageni wake, ambao watu wengi hawawajui. Kutoka kusini mwa Afrika huja kubwiro wa njano, mwenye sauti kama mluzi uliotiwa maji, naye hukaa mwambao kuanzia Aprili hadi karibu Agosti. Majira hayohayo ndiyo ya kumsikiliza kurumbiza, mwenye tumbo la rangi ya chungwa na mabawa ya buluu ya kijivu. Hukaa kichakani chini, haonekani, na huiga sauti za ndege wengine kwa ufundi mkubwa. Ukisikia ndege watano wakiimba kwa zamu ndani ya kichaka kimoja, huenda ni yeye peke yake.

Yule ndege mwekundu wa masika amekwenda wapi? Na yule wa mkia mrefu?

Hawajaenda popote. Mwekundu mwenye tumbo jeusi ni kweche dume, na msimu wa kuzaa ukipita huvua wekundu wote akabaki na michirizi ya kahawia kama jike. Fumbwe naye hudondosha mkia wake, ule mrefu kuliko mwili mzima. Tazama vizuri kundi la ndege wa kahawia wanaookota mbegu za nyasi mwezi wa Agosti: wamo humo.

Ni kweli ndege wa Amani hushuka wakati wa baridi?

Baadhi yao, ndiyo, na kwangu hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika mkoa wetu. Amani iko kama mita 900 juu ya bahari, katika Usambara Mashariki, na Julai kule kuna ukungu na baridi ya kweli. Aina kadhaa za ndege wa misitu ya juu, hasa wanaookota wadudu kwenye majani makavu chini ya miti, hushuka msimu huo hadi misitu ya chini, kisha hurudi juu joto likirejea. Safari ya saa chache, lakini ni kuhama kama kule kwa mbayuwayu.

Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi Amani kuanzia 1928 hadi 1946, ni miongoni mwa waliofanya ndege wa milima hiyo wajulikane duniani. Amani imekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Lakini hifadhi ya juu peke yake haiwatoshi ndege hawa: msitu wa chini ukikatwa kuwa kuni na mkaa, wanakuwa na nyumba ya kiangazi bila ya kipupwe. Usiwatarajie Chumbageni au Ngamiani. Wanahitaji msitu, na kati ya msitu na mji pamejaa mashamba.

Mijusi na kinyonga wanafanya nini kipupwe?

Wanachelewa kuamka. Miili yao hupata joto kutoka nje, kwa hiyo saa 1 asubuhi kinyonga unaweza kumkuta ameganda kwenye tawi, rangi imekolea ili anyonye jua haraka. Mwache aote.

## Wageni wa kaskazi

Wageni wa Ulaya na Asia ni akina nani, na wanafika lini?

Tanga tunasema waja leo, waondoka leo. Hawa huja Septemba na Oktoba na wengi hawaondoki hadi Machi au Aprili. Mbayuwayu ndiye rahisi kumwona: mgongo wa buluu nyeusi, koo jekundu, mkia wa panda. Ana uzito wa gramu 20 hivi, kama vijiko vitano vya chai vya sukari, na huenda amesafiri zaidi ya kilomita 6,000. Wapo pia keremkerem wa Ulaya, wanaopita juu sana wakiitana, na keremkerem wa kijani mwenye mashavu ya buluu, anayependa kukaa mwambao. Aprili huja kambu wa Ulaya, buluu na kahawia, wakikaa juu ya nguzo na miti mikavu njiani kurudi kwao.

Si wote wa mbali. Keremkerem mwekundu mwenye kichwa cha kijani-buluu hutoka upande wa Ethiopia na Somalia baada ya kuzaa. Kundi lake likiingia mikokoni kulala wakati wa magharibi, mikoko huonekana imetoa maua.

Wanajuaje wakati wa kuondoka, ilhali hapa mchana hauongezeki?

Kweli, Tanga tofauti ya mchana mrefu na mfupi kwa mwaka mzima haifiki dakika 40. Ndege hawa wana saa ndani ya mwili inayoendelea kuhesabu mwaka hata wakiwa kwetu. Wakati ukikaribia hula sana na kunenepa, kisha huongozwa na jua, nyota na usumaku wa dunia.

Desemba niliona mamia ya kozi wadogo wakiruka pamoja. Ni nini kile?

Yaelekea ni kozi wa Amur. Huzaliana mashariki ya mbali ya Asia: Urusi, Mongolia, China. Hupita India, kisha huvuka Bahari ya Hindi kuja Afrika Mashariki, wakisaidiwa na upepo uleule wa kaskazi ulioleta majahazi kwa karne nyingi. Ukisimama Raskazone Desemba, upepo ukikupiga usoni kutoka baharini, ndio huohuo. Kutoka hapa hushuka hadi kusini mwa Afrika, wakifuata mvua, kwa sababu mvua hutoa kumbikumbi.

Niende wapi kuona ndege wa pwani?

Penye tope, mikoko au mashamba ya chumvi, kaskazini na kusini ya mji. Utaona sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda chini na makundi ya vitwitwi. Umtafute hasa ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi, anayevunja kaa. Huyo huzaliana kwenye pwani za mchanga za Arabia na pembe ya Afrika, akichimba shimo mchangani kama kaa mwenyewe, na mwambao wa Tanga ni miongoni mwa mahali pake pa kukaa.

Rudi palepale mwanzoni mwa Aprili. Vitwitwi wa Siberia waliokuwa wa kijivu Desemba yote wameanza kutoa manyoya mekundu kama tofali. Wanavaa nguo za harusi kabla ya safari.

Julai bado naona sululu na vitwitwi. Wamesahau kuondoka?

Wengi wao ni vijana. Hawako tayari kuzaa, na safari hiyo haina faida kwao, kwa hiyo hukaa kusi nzima hapa hadi mwaka unaofuata.

## Mvua

Dudumizi akilia, mvua inakuja kweli?

Bibi jirani yangu akimsikia tu huita juu ya ua, "Mwanangu, anua nguo, dudumizi kashasema!" Nami huitikia, "Naam, bibi," na kuanua. Mara nyingi bibi huwa sahihi. Ila dudumizi hatabiri saa. Huzaa majira ya mvua, kwa hiyo hulia zaidi hewa inapojaa unyevu: ule mlio unaoshuka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa. Mvua na mlio vina chanzo kimoja.

Kumbikumbi wakitoka nitazame nini?

Acha kazi zote utoke nje. Novemba moja, baada ya mvua ya kwanza ya vuli, ardhi chini ya mwembe wangu ilipasuka tundu dogo, lisilozidi upana wa kidole. Askari wa mchwa walitoka kwanza wakasimama kandokando. Kisha kumbikumbi wakaanza kusukumana, mabawa yamelowa, wakapanda majani na kuruka mmoja mmoja kama moshi unaopanda polepole.

Mramba ndiye aliyefika mwanzo, akadaka hewani na kurudi kwenye waya, akadaka tena. Mbayuwayu wakapita chini kiasi nilisikia mabawa. Mwewe wawili wakaja juu, wakikamata kwa mguu na kula bila kutua. Shore, ambaye si mwindaji wa hewani, alijaribu naye, akiruka kizito na kurudi. Giza lilipoingia walikuja vyura, na mjusi kwenye ukuta wa taa alikula hadi akashindwa kusogea. Watoto walikuwa wameshaweka beseni la maji chini ya taa, kwa ajili ya kikaango. Asubuhi yalibaki mabawa tu, yamelundikana kizingitini.

Nyoka wanaongezeka masika?

Wanaonekana zaidi, kwa kuwa mashimo yao yamejaa maji na vyura wamekuwa wengi. Fyeka nyasi karibu na mlango na usiingize mkono penye rundo la kuni au matofali.

Jifunze pia kuwasikiliza ndege. Shore watatu wakipiga kelele kali mahali pamoja, wamekodolea macho tawi moja na hawaondoki, pale pana kitu. Kwangu mara mbili kilikuwa nyoka wa kijani na mara moja bundi aliyelala. Usimsogelee wala kumpiga nyoka wa kijani ukidhani hana sumu. Mwambao wetu una nyoka mwenye sumu aitwaye mamba wa kijani, na kumtofautisha ukiwa na woga si rahisi. Ondoa watoto na umpe njia.

## Maji, chakula na miti

Niwawekee chakula?

Si lazima. Tanga kuna chakula mwaka mzima, na punje za mchele zikimwagwa kila siku hunufaisha kunguru na panya kwanza. Ukitaka, weka mtama au uwele kidogo asubuhi, kiasi cha kumalizika kwa saa moja. Mkate, chipsi na chochote chenye chumvi, usiweke. Papai bovu liache mtini: shore, popo na vipepeo watakushukuru.

Na maji? Nikiweka si nitafuga mbu?

Maji ndiyo zawadi kubwa, hasa Januari na Februari. Tumia sahani pana au kigae cha chungu, maji yasizidi vidole viwili, na jiwe katikati la kusimamia. Mwaga na sugua kila siku. Mbu anahitaji takribani wiki moja kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo maji yanayobadilishwa kila siku hayamlei. Usiposafisha, acha kabisa. Homa ya dengi si mchezo.

Lini nipunguze matawi?

Baada ya kukagua viota, na ikiwezekana kipupwe. Aprili moja nilikata tawi la mkomamanga lililokuwa likigusa bati. Kilichoanguka nalo nilidhani ni takataka: mfuko mdogo wa majani makavu na utando wa buibui. Ulikuwa na tundu ubavuni, na ndani mna makinda mawili ya chozi, uchi, kila moja kama ncha ya kidole. Nilifunga tawi mahali pake kwa kamba. Mama hakurudi. Tangu siku hiyo sishiki panga kabla ya kukaa nusu saa nikitazama nani anaingia na kutoka.

## Mambo magumu

Kinda ameanguka. Nimchukue?

Akiwa na manyoya na anarukaruka, hajapotea; wazazi wako karibu na wanamlisha. Mtoe mahali paka anapoweza kumfikia, umweke kichakani, ondoka. Akiwa uchi, mrudishe kiotani. Kugusa kwako hakumfanyi mama amkatae.

Ndege amegonga kioo na hajiwezi.

Mweke ndani ya boksi lenye matundu, mahali pa giza na kimya, kwa saa moja au mbili. Usimlazimishe maji mdomoni. Kisha fungua boksi nje.

Usiku nasikia mtoto analia juu ya mti.

Ni komba, mnyama wa macho makubwa na mkia mrefu wenye manyoya. Anaitana na wenzake.

Bundi amelia juu ya paa letu. Kuna mauti?

Najua hofu hii ni ya kweli na siidharau. Nimekulia ndani yake. Lakini nimekaa na bundi mweupe wa darini mwaka mzima. Chini ya alipolala nilikuta vitonge vya kijivu, nikavipasua kwa kijiti: manyoya, mafuvu na mifupa ya panya, kitonge baada ya kitonge. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika asivyoweza kusaga. Amekuja juu ya paa kwa sababu kuna panya. Akiuawa yeye, panya watabaki.

Nimekuta ndege kadhaa wamekufa pamoja.

Usiwashike kwa mikono mitupu na zuia watoto, kuku na mbwa. Mpe taarifa ofisa mifugo wa kata. Ukiona pete ya chuma mguuni, piga picha ya maandishi yake kabla ya lolote. Anwani iliyoandikwa humo ndiyo ya kutuma taarifa.

Naweza kunasa ndege wa porini nimfuge?

Bila kibali, hapana. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza. Na fumbwe ndani ya tundu hana mkia wa kutazama kwa muda mrefu.

Kunguru wa India wamemaliza ndege wangu. Niwatilie sumu?

Usiweke sumu mwenyewe. Itaua mwewe, paka wa jirani na kuku, na pengine itafika kwa mtoto. Kunguru huyu anafuata taka, kwa hiyo funika pipa, usimwage matumbo ya samaki nyuma ya jiko, ongea na majirani wafanye hivyohivyo. Panda vichaka vyenye miiba na matawi yaliyosongamana, ambamo chozi na shore wanapita na yeye hapiti. Kwangu tulikubaliana nyumba sita za mtaa mmoja kufunika mapipa. Masika iliyofuata viota viwili vya shore vilitoa makinda kwenye mlimao wa bibi.